Falonne na Firigisi Iliyokosekana Ndooni

Sogeeni karibu, enyi wana wa Butembo mnaopanda na kushuka vilima kutwa nzima. Nanyi wa Beni, nanyi wa Kirumba mlalao kwa ngurumo za malori! Punguzeni sauti ya redio, teremsheni sufuria kwenye makaa, na mwenye neno mdomoni alimeze kwanza, maana yanakuja makubwa. Hii ndiyo habari ya Falonne, mke wa Lusenge, muuza vitenge sokoni, mwanamke wa sauti ndogo na hatua kubwa, ambaye mchana wa Jumamosi moja, jua likiwa utosini, alitoka nyumbani kwake bila upanga wala mkuki, kitenge kimekazwa kiunoni, akaenda kuitafuta firigisi moja ya kuku. Wako waliokwenda kuteka miji mizima kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na miji yenyewe haikuwa na ladha.

Chanzo cha vita kilikuwa Masereka, huko juu ambako ukungu huamka kabla ya watu na viazi hunenepa kama watoto wa tajiri. Huko ndiko anakotawala Mzee Ésaïe, baba yake Lusenge, bwana wa mashamba ya viazi na mizinga ya nyuki, mzee ambaye akikohoa kanisani padri husita katikati ya mahubiri. Lusenge alipooa, alimpeleka mkewe kwa mzee huyo akausalimu ukoo. Kuku akachinjwa, akapikwa, akaletwa mezani. Na katikati ya bakuli, nyeusi na yenye kung'aa kama jiwe la thamani, ikaketi firigisi.

Sasa fahamuni kwamba katika ukoo ule firigisi ni mali ya mwenye nyumba. Mwanamke huiosha, huipika, huipakua, haili. Lakini Falonne alilelewa Beni, mtoto pekee wa baba aliyependa shingo, na tangu alipoota meno firigisi ya kila kuku ilikuwa yake. Hakuna aliyemwonya. Alinyoosha mkono kwa moyo safi, akaichukua, akaitia kinywani.

Looo! Kijiko kilianguka. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa kana kwamba maiti inapita. Mzee Ésaïe alisimama, akavaa kofia yake, akatoka nje kwenda kutazama viazi, na hakurudi mezani. Tangu siku hiyo hakukanyaga nyumba ya mwanawe. Mtoto wao alipobatizwa, mzee alituma gunia la viazi. Noeli akatuma kabichi. Alituma mboga kama wafalme wanavyotuma mabalozi, naye mwenyewe akabaki mlimani, na kila gunia lilipoteremshwa mlangoni Falonne aliona aibu upya, kwa sababu viazi vilikuwa vizuri sana.

Hata mwaka huu, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Masereka.

"Lusenge," ikasema sauti, "nitakuya Samedi. Nitakula kwenu. Mwambie bibi yako asijisumbue."

Lusenge akafurahi hata akamwaga chai. Falonne hakufurahi; Falonne aliketi, akashika kichwa, akafikiri kama jemadari anayeona moshi ng'ambo ya mto.

"Lusenge, sikia," akasema mwishowe. "Kuku nikimupika miye, kitu chochote chenye kitakosa, watasema ni miye nilikula. Hapana. Tutaleta kuku ya ku Orpa. Batu bengine bamekata, batu bengine bamekaanga, batu bengine bamefunga ndoo. Mikono yangu itakuwa safi sawa ya Pilato."

"Pilato si mufano muzuri," akasema Lusenge.

"Mufano ni wangu, nitauchagua miye."

Na hapa yafaa habari ipumzike kidogo, ieleze enzi ya Kuku Orpa, maana asiyeijua nyumba hiyo hataielewa vita yenyewe. Orpa Kahongya alianza na karai moja kando ya barabara, chini ya mwavuli uliokuwa ukitangaza sabuni. Katika siku hizo, zinazoitwa hadi leo Zama za Karai, kipapatio kilikuwa faranga mia tano, na bei iliandikwa kwa chaki juu ya kipande cha bati. Mvua ikinyesha, kila mtu alilipa alichokumbuka, na ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kukumbuka zaidi. Zikafuata Zama za Paa, alipopata chumba na meza, na paja likapanda hadi elfu mbili, na wazee wakaapa kwamba hawatakula tena, wakala. Kisha Orpa akaelekea kaskazini akaiteka Beni, si kwa bunduki, maana bunduki Beni walikuwa nazo za kutosha, bali kwa harufu. Kisha akageukia kusini hadi Kirumba, ambako madereva wa malori walisalimu amri siku ya kwanza.

Leo katika kila nyumba yake kuna ubao mwekundu ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, na juu yake zimechorwa kwa rangi nyeupe bei ambazo hakuna anayebishana nazo: kipapatio, elfu tatu, paja, elfu sita, kidari, elfu saba, nusu kuku, elfu kumi na tano, kuku mzima ndani ya ndoo, pamoja na ndizi za kukaanga, elfu thelathini. Pilipili ni bure, ila ukiomba mara ya pili mtu wa kaunta hukutazama. Butembo na Beni bei ni moja, kwa amri ya Orpa mwenyewe. Kirumba huongezwa faranga mia tano kwa kila sahani kwa ajili ya barabara, na watu wa Kirumba, ambao wanaijua barabara yao, hawajawahi kulalamika.

Basi Jumamosi ikafika, na Mzee Ésaïe akafika nayo, ameketi nyuma ya pikipiki, wima kama nguzo ya umeme, vumbi la wilaya nzima ya Lubero mabegani. Akakaribishwa, akanawa, akaketi. Falonne akaiweka ndoo mezani mbele yake, ingali imefungwa, mfuniko umekazwa, moto ukipenya viganjani. Mzee akaomba. Aliomba kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya amani, kwa ajili ya askofu, kwa ajili ya wote wanaokula bila kufikiri. Na Falonne, aliyefumba macho, alijua ni nani huyo anayekula bila kufikiri. Kisha mfuniko ukafunguliwa.

Harufu ikapanda. Lusenge akameza mate. Lakini mzee hakula. Alichukua uma, akaanza kupekua ndani ya ndoo taratibu, kama mkaguzi wa forodha.

"Paja," akasema. "Paja ingine. Mabawa. Kidari. Mugongo. Hata shingo iko." Akainua macho. "Na gésier?"

Gésier, ndivyo wanavyoiita firigisi wale waliosomeshwa na masista, na mzee alisomeshwa nao.

Lusenge akatazama dari kana kwamba firigisi ingeweza kuwa huko.

"Siye ku Masereka," akaendelea mzee kwa sauti ya chini, "tunauzishia huyu Orpa kuku. Miye mwenyewe nilimuuzishia. Kila kuku yangu alitoka kwangu na gésier yake ndani ya tumbo. Sasa huyu hapa, alitembea namna gani bila gésier?"

Na macho yake hayakuitazama ndoo. Yaliutazama mdomo wa Falonne.

Hapo damu ya Falonne ikachemka. Ile ya kwanza aliila, ndiyo, hakuwahi kukana. Lakini hii! Hii hakuiona, hakuigusa, hakuinusa! Miaka yote aliishi na aibu ya kosa alilolifanya. Leo analetewa aibu ya kosa ambalo hakupata hata kulifaidi.

"Tata," akamwambia baba mkwe wake, "ndoo imefunguliwa mbele ya macho yako."

"Mufuniko inafunguka, inafunga tena."

"Basi ngojea. Usikule, na usiende. Ninaenda kuileta."

Mzee akageuza shingo kuelekea dirishani, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya vilima. "Nitangojea mpaka mvua," akasema. "Mvua ikianza, ninapanda. Barabara ya kwetu haingojee mutu."

Ndipo Falonne akakaza kitenge, akatoka.

Alipoingia katika Nyumba ya Orpa, kaunta ilikuwa imezungukwa na wenye njaa. Nyuma yake alisimama Zorobabel, msimamizi wa nyumba, mwenye kofia nyekundu na kalamu sikioni, mlinzi wa ubao, mtu ambaye hajawahi kumpa mteja pilipili ya tatu. Falonne alipenya, akaegemeza viwiko kaunta.

"Nataka gésier," akasema.

"Mama, angalia ubao."

"Nimeangalia. Haiko."

"Donc kama haiko, haiko."

"Papa Zorobabel, sikia neno yangu vizuri," akasema Falonne, na sauti yake ndogo ikaanza kupanua mabawa. "Tangu asubui umekaanga kuku. Kila kuku Mungu alimuumba na gésier moja. Hakumusahau hata mumoja. Mapaja nimeyaona, iko na bei. Mabawa iko na bei. Shingo munatia ku ndoo kama zawadi. Mais magésier! Niambie mbele ya batu bote hapa: magésier ya kuku wa Butembo iko wapi?"

Nao waliokuwa kwenye foleni, ambao walikuja kwa ajili ya paja na amani, waligeuka wakatazamana. Bwana mmoja mwenye nusu kuku mkononi aliifungua karatasi yake akachungulia, akaifunga pole pole kwa uso wa mtu aliyeibiwa.

"Kweli," akasema. "Miye ninakula hapa tangu Zama za Karai. Sijaona hata moja."

"Na ku Beni ni vile vile!" akasema mama mmoja mwenye kapu. "Shemeji yangu anakula kule, hakuna!"

"Iko wapi?" wakauliza wote, na wimbi la swali hilo likapiga kaunta, sahani zikatikisika. Zorobabel aliishika kalamu yake. Alitazama kulia, kushoto, juu kwenye ubao, lakini ubao wenye bei za vitu vyote haukuwa na neno la kumsaidia. Mwishowe aliinama mpaka kofia yake ikagusa paji la uso la Falonne.

"Hatuziuzishake," akanong'ona. "Zote ni za Mama Orpa. Zinawekwa ku congélateur zigande, ufunguo iko kwake. Kila Samedi anazibeba ndani ya glacière na barafu yake, anaenda nazo Beni. Ametoka sasa hivi na gari."

"Anaenda kuzifanya nini?"

"Mutu haulizake Mama Orpa vile."

Falonne hakungoja zaidi. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake Abdias, mwendesha pikipiki maarufu wa mtaa ule, ambaye juu ya matope hupita kama mtu anayepita sebuleni kwake.

"Barabara ya Beni," akasema Falonne akiruka nyuma yake. "Mufuate Mama Orpa."

"Mama, miye sivuke barrière. Kule mbele iko bunduki, siendake."

"Tutamukamata mbele ya barrière."

"Na kama tusipomukamata?"

"Abdias, mwana wa batu," akasema Falonne, "ku nyumba yangu iko muzee anangojea, na juu ya kichwa ya muzee iko mvua inangojea. Usiniulize kama. Tia moto."

Akatia moto. Lo, mwendo gani ule! Walipita kati ya pikipiki nyingine kama sindano katika kitenge. Wakapita baiskeli zilizobeba makaa, na chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyosheheni mbao ikiteremka na mwenyewe juu yake akipiga kelele. Wakapita bibi harusi ndani ya gari la maua, na shela yake ikawafuata hatua kadhaa kabla ya kukata tamaa. Vumbi likamvaa Falonne toka unyusi hadi ukucha. Nyuma yao mawingu yakasogea. Na Falonne, akiwa ameshikilia koti la Abdias kwa mikono yote miwili, alijikuta akiomba kimoyomoyo kwa ajili ya kitu ambacho hakuwahi kukiombea: gari bovu, gari la mtu yeyote, mbele yao, katikati ya barabara.

Na akasikilizwa. Karibu na kizuizi cha ushuru, ndiyo barrière yenyewe, mahali mji unapoisha, lori la kabichi lilikuwa limejilaza kwa ubavu kama ng'ombe aliyechoka, na barabara ya Beni ilikuwa imefungwa ukingo hadi ukingo. Nyuma ya lori yalijipanga magari. Na kando ya gari la tatu, ameketi juu ya sanduku la barafu kama malkia juu ya kiti chake, miwani ya jua usoni, Orpa Kahongya alikuwa akimwelekeza dereva wa lori jinsi ya kuendesha lori.

Falonne alishuka. Alipiga goti kidogo, kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa.

"Mama Orpa, jambo."

"Jambo, mutoto. Umekuwa mweupe na vumbi sawa mufu. Nani amekufa?"

"Bado mutu. Mama, nimekuya kuomba gésier moja."

Orpa akavua miwani. Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akalikalia sanduku lake vizuri zaidi.

"Nani amekutuma? Mwanaume?"

Na Falonne, ambaye njiani alikuwa ametunga uongo wa kila aina, akajikuta anasema ukweli wote: Masereka, bakuli, kijiko kilichoanguka, magunia ya viazi mlangoni, ndoo iliyokazwa, jicho la mzee juu ya mdomo wake. Orpa alisikiliza bila kupepesa. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya dereva wa lori ageuke.

"Weye angalau ulikula!" akasema. "Miye je? Wageni walikuya ku bwana yangu, gésier ikakosa ku sahani. Ni paka. Nilimuona na macho yangu, mukia ilikuwa inatoka dirishani. Nani alisadiki? Bamama-mukwe waliimba paka haikuwako. Nilirudishwa kwa baba yangu na nguo zangu ndani ya beseni, juu ya gésier yenye sikuitia hata ku ulimi. Ni siku hiyo njo niliapa: mwanaume hatakula tena gésier kutoka ku mukono yangu. Nikanunua karai."

Hivyo ndivyo siri ya nyumba tatu ilivyofunuliwa kando ya lori la kabichi. Falonne alifikiri juu ya ubao mwekundu, juu ya mapaja na vidari vyote vilivyowahi kukaangwa Butembo, Beni na Kirumba, na akaona kwamba vyote vilianzia kwenye mkia wa paka.

"Na hizi," akauliza akiligusa sanduku, "unakula peke yako?"

"Ningepasuka!" Orpa akateremsha sauti. "Ku Beni, nyuma ya nyumba yetu, iko wamama banangojea. Ni bale balikimbia vijiji vyabo. Kila Samedi ninabakaangia magésier, bure, na vitunguu. Wengi wao hawakuigusa maisha yabo yote. Ungewaona! Banakula, banaulizana, 'Ni hii tu? Ni hii njo walitukataza?' Banacheka mpaka chozi. Sasa niambie: nikikupa moja, nani nimunyime kule?"

Mvua ilinguruma nyuma ya vilima. Falonne aliona haya, akataka kugeuka arudi mikono mitupu. Mzee apande basi pikipiki yake, na magunia yaendelee kuja.

Lakini hakugeuka.

"Usimunyime mutu," akasema. "Unipe ile ya kwangu. Miye pia ni mutoto wa Beni, miye pia niliachwa ku meza juu ya gésier. Unihesabie na bale wamama. Ile sehemu yangu, nitaibeba nyumbani, na nitajua miye mwenyewe nani nitamupa."

Orpa akamtazama muda mrefu. Kisha akasimama, akafungua sanduku, akatia mkono katika barafu, akatoa firigisi moja nono, akaizungusha katika karatasi ya plastiki.

"Ni yako," akasema. "Lakini masharti iko. Utaikata mbili: nusu ya muzee, nusu yako. Na utaikula mbele ya macho yake, hapana jikoni, hapana nyuma ya mulango. Kama utaogopa, unirudishie."

"Sitaogopa. Bei ni ngapi?"

"Haina bei. Ubao haiijue." Na Orpa akavaa miwani yake, akamgeukia dereva wa lori. "Weye! Nimesema kulia!"

Tone la kwanza lilimpiga Falonne shavuni walipofika kona ya kwao. Mzee Ésaïe alikuwa tayari kizingitini, kofia kichwani, na Lusenge amemshika mkono wa koti akimsihi kama mtoto. Falonne alipita kati yao mbio, plastiki imeinuliwa juu kama bendera.

"Iko!" akasema. "Tata, kaa!"

Mzee akakaa, kwa sababu hakuwahi kuamriwa hivyo na akakosa la kufanya. Jikoni, mafuta yakapata moto. Firigisi huchemshwa kwanza ndipo ilainike, kila mpishi anajua. Lakini saa ya kuchemsha haikuwako, mvua ilikuwa tayari juu ya mabati. Falonne akaitia chumvi akaikaanga vivyo hivyo, akaiweka katikati ya sahani nyeupe, akaileta mezani.

"Tata," akasema akiwa amesimama, "gésier yako ni hii. Ile ya ndoo sikuikula; haikukuwa ndani, hazitiake. Hii nimeifuata mpaka barrière. Lakini mwenye alinipa ameniomba neno moja, na nimekubali, na sitakuficha. Nusu ni yako. Nusu nitakula miye, hapa, mbele yako. Kama utakasirika, kasirika. Viazi vyako ni vizuri, tata, mais tumechoka kula viazi bila mwenye viazi."

Mzee aliitazama sahani. Akachukua kisu bila neno, akakibana juu ya firigisi, akasukuma. Firigisi ikakataa. Akasukuma tena kwa mikono miwili, nayo ikateleza chini ya kisu, ikaruka, ikapaa juu ya meza kama ndege aliyekumbuka kwamba aliwahi kuwa na mabawa. Na Lusenge, ambaye katika habari hii yote hajafanya tendo hata moja, alinyoosha mkono akaidaka hewani. Sifa zake ziishie hapo, lakini zisisahauliwe.

Ikakatwa. Mzee akatia nusu yake kinywani, akatafuna. Akatafuna. Mvua ikanyesha kwa nguvu, ikapungua, naye angali akitafuna, mashavu yakienda huku na huku, macho yakianza kulowa. Mwishowe aliitoa kwa adabu kubwa ndani ya leso, akamwinamia Falonne.

"Mukamwana," akanong'ona, "meno ya nyuma sina."

"Tangu lini, tata?"

"Mbele ya ndoa yenu."

Falonne akasahau hofu yake yote. "Na ile ya Masereka? Ungeila namna gani?"

"Ningeitia ku mufuko ya koti. Ni mbwa njo anazikulaka. Mbwa yangu amekula gésier miaka mingi, na heshima yote."

"Sasa, tata, juu ya nini ulikasirika vile?"

Mzee akaikunja leso, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo sana kwenye kiganja chake.

"Juu hukuniuliza," akasema. "Mutu anazeeka, mukamwana. Haulizwe tena juu ya shamba, haulizwe juu ya nyumba. Gésier njo ilikuwa imebakia." Kisha akakisogeza kile kipande kizima kilichobaki, akakiweka mbele ya Falonne. "Leo umenifuatia mpaka barrière. Kula. Na unitolee mufupa ku kidari, kidari ninaweza."

Basi Falonne akaketi mezani, mume wake upande huu na baba mkwe wake upande ule, akaitia nusu yake kinywani mbele ya macho ya wote. Ilikuwa ngumu kama ukanda wa pikipiki. Alitafuna kwa upande wa kulia, akahamia kushoto, akarudi kulia. Lusenge akamsogezea maji. Mzee, kidari mkononi, akamhimiza kwa kichwa kama anayehimiza lori lipande mlima. Nje barabara ya Masereka ilikuwa imegeuka mto, na hakuna aliyeitaja.

Sikieni basi, ninyi wa vilimani na ninyi wa barabarani, na wenye kuandika mambo makuu waandike: kwamba Jumamosi ile, mjini Butembo, mvua ikinyesha, Falonne mke wa Lusenge alitafuna mpaka taya zikauma, akanyoosha shingo, akameza, na Mzee Ésaïe wa Masereka, bwana wa viazi, akapiga makofi.